Trauti na mito ya Nyeri: samaki anayehitaji maji baridi, safi na yenye hewa

Wakazi wanaoishi kando ya mito Gura, Chania, Thego, Sagana na Naro Moru hawahitaji kuelezwa trauti ni samaki gani. Wapo waliomla, na wapo waliomwona tu akiruka jioni kumdaka mdudu juu ya maji. Maswali yao ni mengine. Alitoka wapi? Mbona hukaa kule juu karibu na msitu na si huku chini penye watu? Na je, mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kumvua?

Trauti si mwenyeji wa mito yetu. Wa kwanza, wale wa rangi ya kahawia wenye madoadoa, waliletwa kutoka Scotland mwaka wa 1905 na mlowezi Ewart Grogan, wakatiwa katika mto Gura unaotoka milima ya Aberdare. Mwaka wa 1910 wakaja wengine kutoka Afrika Kusini. Hao ni trauti wa upinde wa mvua, ambao hutambulika kwa utepe wa rangi ya waridi ubavuni. Nia ya walowezi ilikuwa mchezo wa kuvua kama walivyozoea kwao. Baadaye, mwaka wa 1948, kituo cha kuzalisha trauti kilianzishwa Kiganjo, humu humu Nyeri, na kutoka hapo vifaranga wamekuwa wakipelekwa kwenye mito na mabwawa ya sehemu za baridi. Trauti wa upinde ndiye anayefugwa zaidi leo.

Inafaa kusema wazi kwamba mgeni huyu ana gharama yake. Trauti ni mla nyama. Hula wadudu wa majini, samaki wadogo na hata vyura, na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira limemweka trauti wa upinde kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vinavyoleta madhara makubwa zaidi duniani. Kwa hiyo mkulima asichukue vifaranga na kuwamwaga mtoni kwa hiari yake akidhani anaongeza mali. Mahali pa kufugia ni bwawani, na kuwatia mtoni ni uamuzi wa wataalamu wa uvuvi.

Samaki huyu huyu katika miji ya Marekani

Asili ya trauti wa upinde ni mito ya Amerika Kaskazini inayoingia Bahari ya Pasifiki, pamoja na rasi ya Kamchatka huko Urusi. Huko kwao, baadhi hukaa mtoni maisha yao yote kama hawa wetu. Wengine huteremka baharini wakiwa wadogo, wakala na kunenepa huko kwa miaka miwili au mitatu, kisha wakarudi kutaga katika mto ule ule walikozaliwa. Hao wanaorudi huwa wakubwa na wenye kung'aa kama fedha, na Wamarekani huwaita stilihedi, maana yake kichwa cha chuma. Ni samaki wa aina moja na trauti wa Thego. Tofauti iko katika maisha waliyoishi.

Mwaka wa 1876 trauti hao walitiwa katika mto Au Sable, jimbo la Michigan, mbali kabisa na bahari. Waliyachukua Maziwa Makuu ya huko kana kwamba ni bahari: hukulia ziwani, kisha wakati wa kutaga ukifika hupanda mitoni. Mito mingi ya namna hiyo hupita katikati ya miji. Kila mwaka, theluji inapoyeyuka kati ya Machi na Mei, watu wa Milwaukee husimama ndani ya mto wao wakiwa wamevaa viatu virefu vya mpira, majengo ya mji yakiwa nyuma yao, na kuvua samaki wa kilo tatu, nne au tano. Toronto, Kanada, hali ni hiyo hiyo katika mto Humber. Mtu anaweza kutoka kazini, akavua saa moja, akapanda basi kurudi nyumbani.

Mto wa Milwaukee haukuwa hivyo siku zote. Ulikuwa mto wa viwanda na maji taka, na ukuta wa bwawa la North Avenue uliwazuia samaki wasipande kwenda juu. Sheria ya Maji Safi ya Marekani ya mwaka wa 1972 ilibana umwagaji wa taka mitoni. Mwaka wa 1997 ukuta ule ukabomolewa. Maji yaliyokuwa yametuama nyuma yake yakaanza tena kupita juu ya mawe, na samaki wakapata njia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya stilihedi wa huko bado hutoka katika vituo vya kuzalishia, na hurudi kwa sababu tangu wakiwa wadogo huikariri harufu ya mto waliotiwa. Serikali ya jimbo pia hutoa ushauri kila mara kuhusu kiasi cha samaki wa Ziwa Michigan kinachofaa kuliwa, kwa kuwa kemikali za viwanda vya zamani zingali mwilini mwao. Mto unaweza kurudiwa na samaki kabla samaki hao hawajawa salama kuliwa kila siku, jambo la kukumbukwa na yeyote anayevua chini ya mitaro ya mji.

Hapa kwetu hakuna theluji ya kuyeyuka, na urefu wa mchana kwenye ikweta haubadiliki vya kutosha kumwambia samaki kwamba msimu umefika. Kinachobadilisha mito yetu ni mvua. Masika yakipamba moto maji huwa ya udongo na trauti hawezi kuona chakula chake. Siku za kuvua ni zile ambazo mvua imepungua, mto umeanza kushuka, na maji yamekuwa angavu kiasi cha kuonekana mawe ya chini.

Kwa nini hukaa juu

Jibu fupi ni joto na hewa. Trauti hustawi katika maji ya kati ya nyuzijoto 10 na 18 hivi. Yakipita 20 huanza kukataa chakula, na yakikaribia 25 hufa. Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi. Katika mwinuko wa mita 1,800, ambao ni karibu na ule wa mji wa Nyeri, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 20 hubeba kama 7. Trauti huanza kutaabika zikishuka chini ya 6. Nafasi iliyobaki basi ni ndogo, na kila kinachopasha maji joto au kula hewa yake huimaliza haraka.

Miti ya kando ya mto ikikatwa, jua hupiga maji moja kwa moja. Maji yakitekwa mengi mno wakati wa kiangazi, kinachobaki ni kijito chembamba kinachopata joto mchana mmoja. Wakazi wa Kieni wameona Naro Moru ukikauka sehemu za chini miezi ya ukame, huku mifereji na pampu za juu zikiendelea kunyonya. Walioumia kwanza ni watu na mifugo walio chini, lakini samaki alikuwa ameondoka kabla yao.

Kisha kuna kahawa. Viwanda vyetu vya kumenya kahawa hutumia maji mengi kati ya Oktoba na Desemba, na maji yanayotoka humo huwa na sukari na utelezi wa tunda. Si sumu kwa maana ya kawaida. Lakini yakimwagwa mtoni bila kutuama kwanza kwenye mashimo, bakteria huikimbilia sukari ile, na katika kuila hutumia oksijeni yote ya maji. Mto ukapita kiwandani una uhai, na kilomita moja chini yake samaki wako juu ya maji wakihema kwa mdomo. Vivyo hivyo maji taka ya nyumba na vinyesi vya zizi. Dawa za kuogeshea ng'ombe na za kupulizia mimea ni balaa jingine: hizo huua moja kwa moja, zikianza na wadudu ambao trauti huwategemea kwa chakula.

Adui asiyeonekana kirahisi ni udongo. Trauti jike hutafuta mahali penye changarawe na maji ya kina kifupi yanayokwenda, akachimba shimo kwa kupiga mkia, akataga humo, dume akayarutubisha, kisha jike akayafukia mayai kwa changarawe. Jike wa kilo moja hutaga takribani mayai 2,000. Katika maji ya nyuzi 10 mayai hukaa kama mwezi mmoja kabla ya kuanguliwa, na vifaranga hubaki ndani ya changarawe wiki kadhaa zaidi. Muda wote huo lazima maji yapite katikati ya vijiwe yakiwapelekea hewa. Mvua ikishusha udongo kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni, matope hujaza nafasi hizo na mayai hukosa hewa kimyakimya. Mtu atakayepita hapo hataona samaki aliyekufa hata mmoja. Ataona tu kwamba mwaka unaofuata hakuna wadogo.

Ndiyo maana sheria haikuacha ukingo wa mto uwe shamba. Kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 zilikataza ujenzi na uendelezaji ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka pale mafuriko makubwa yalipowahi kufika, kutegemea upana wa mto. Kiwanda au taasisi inayomwaga maji taka lazima iwe na leseni ya NEMA. Kuteka maji ya mto kwa pampu au mfereji wa kumwagilia shamba kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na chama cha watumiaji maji cha eneo lako ndicho mahali pazuri pa kuanzia, hasa pale ambapo ugawaji wa zamu za kiangazi umeshaleta ugomvi. Mikaratusi ukingoni ifikiriwe upya pia. Hutoa kivuli, ndiyo, lakini hunywa maji mengi. Miti ya kienyeji hutoa kivuli hicho hicho.

Ukitaka kuvua

Chini ya Katiba ya 2010, shughuli za uvuvi za mashinani ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inatumika nchi nzima. Kabla ya kuvua, pitia kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yako upate leseni na uelezwe sehemu zilizo wazi. Ndani ya Mbuga za Kitaifa za Mlima Kenya na Aberdare utahitaji idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na katika misitu ya serikali idhini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Usiende peke yako huko: nyati na ndovu hunywa kwenye mito hiyo hiyo.

Kuvua kwa sumu, baruti au umeme ni kosa la jinai. Anayemwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe mtoni ili aokote samaki kumi huua kila kilichomo kwa umbali mrefu, na nyama anayoipeleka nyumbani ina dawa hiyo hiyo. Familia zinazoteka maji ya kunywa chini yake hazina habari.

Wavuvi wa trauti hutumia ufito mwepesi na ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Usikanyage changarawe za maji mafupi, kwani huenda mayai yako chini ya kiatu chako. Samaki mdogo, au jike aliyejaa mayai, mrudishe: lowesha mikono kwanza, kwa kuwa mkono mkavu hubandua ute unaomkinga na magonjwa, mshike ndani ya maji akiwa ameelekea mkondo unakotoka, na umwachilie akianza kupiga mkia mwenyewe. Wa kula, mtoe matumbo mapema na umweke pabichi. Waliovuliwa chini ya mitaro ya mji au ya kiwanda wasiliwe.

Ukiona samaki wengi wamekufa au wanahema juu ya maji, usiwaokote na usiwape mbwa wala nguruwe. Andika saa na mahali, piga picha ukiweza, jaza chupa safi maji ya hapo, kisha mjulishe afisa wa uvuvi, NEMA au Mamlaka ya Rasilimali za Maji siku hiyo hiyo. Maji yaliyoishiwa hewa usiku yanaweza kuwa yamerudia hali yake kufikia adhuhuri, na afisa atakayefika kesho atakuta mto unaoonekana mzima.