Mteja Mmoja ni Mwajiri

Nzega, mkoani Tabora, haijawahi kukosa wapitaji. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Tabora kuelekea Ziwa Victoria ilikatiza nchi hii ikinunua chakula njiani. Aliyekilima chakula hicho, akakitwanga na kupika pombe ya kuwauzia wapagazi, mara nyingi alikuwa mwanamke, maana wakati wa kiangazi wanaume wengi wa Kinyamwezi walikuwa wamejitwika pembe kwenda pwani. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na soko hilo likafifia. Tawi la kwenda Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, likapita Bukene na kuiacha Nzega mjini pembeni. Baadaye ikaja dhahabu: mgodi wa Golden Pride, wa kwanza katika wimbi la migodi mikubwa ya kisasa, ulianza uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 1990, na haukutimiza miaka 20. Siku hizi ni malori, pale njia panda ya Singida, Tabora na Shinyanga, na mama lishe wanaowajua madereva kwa majina.

Sina shule bora kuliko historia hiyo ya kumpa mwanamke anayeanza kazi ya ushauri elekezi, anayefungua kampuni au anayeongoza asasi isiyo ya kiserikali. Wote watatu wanauza kwa wapitaji. Mradi una tarehe ya mwisho, mgodi vilevile, na ufadhili vilevile. Semina nyingi hufundisha namna ya kupata kazi. Chache hufundisha kuuliza: huyu anayenilipa akiondoka kesho, nitabaki na nini?

Tuanze na mshauri elekezi, kwa kuwa ndiye anayejidanganya zaidi kwa hesabu. Tuseme alikuwa akilipwa mshahara wa shilingi milioni 2 kwa mwezi. Anaugawa kwa siku 22, anapata kama 91,000, anaongeza kidogo, anaandika 120,000 kwa siku na kujiona amepanda. Lakini mwaka wa mshauri hauna siku 264 za kulipwa. Toa siku za kuandika maandiko yasiyoshinda, za kufuatilia malipo, za kuuguza, za misiba. Akibaki na siku 100 zenye malipo, amefanya vizuri. Kwa 120,000 atapata milioni 12 kwa mwaka, nusu ya mshahara wake wa zamani, kabla ya gharama hata moja. Akitaka milioni 24 zilezile, na tuseme milioni 11 za nauli, kompyuta, bima ya afya na akiba ya uzeeni ambayo awali mwajiri alimchangia, bei yake ni 350,000 kwa siku. Chini ya hapo anamfadhili mteja.

Mteja atamkata pia kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Hiyo si hasara. Ni kodi iliyolipwa mapema, na cheti chake ndicho kitakachopunguza kodi ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo kidaiwe kwa ukali uleule wa kudai fedha.

Kinachonisikitisha ni sauti inayotaja bei. Wengi wetu huitaja kama tunaomba radhi, hasa mteja akiwa mgeni aliyeshuka kwenye gari jeupe. Basi tumkumbuke mwenzetu mmoja. Julai 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipotoka Kazeh, Tabora ya leo, kwenda kulitafuta ziwa hilohilo la Victoria, alipita katika nchi aliyoiandika Unyambewa, ambayo mtawala wake alikuwa mwanamke. Jina lake aliliandika Ungugu. Speke alikuwa na haraka, lakini hakuendelea na safari mpaka amekwenda kumwona bibi huyo nyumbani kwake. Hakuna aliyemtaka Ungugu aeleze kwa nini mgeni asimame.

Kwa mshauri wa leo, mahali pa kumsimamisha mgeni ni kwenye hadidu za rejea, kabla ya kusaini. Awamu ya kwanza ya malipo italipwa lini, ripoti itarekebishwa mara ngapi, takwimu zitabaki kwa nani? Na mradi ukizishika siku zako zote kwa miaka miwili, wewe si mshauri tena. Umekuwa mwajiriwa asiye na likizo wala notisi.

Kwa mwenye biashara, mpitaji mkubwa wilayani ni halmashauri. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa umma itengwe kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, na tangu mwaka 2023 zabuni hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Fursa ni ya kweli. Ila LPO, hati ya kuagiza bidhaa, si fedha. Aliyenunua mchele wa kupeleka shuleni kwa mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, kisha akasubiri malipo kwa miezi kadhaa, amewafanyia kazi wakopeshaji. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wana fungu la asilimia 4, nayo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuibua kasoro, ikarejeshwa mwaka 2024. Katika kipindi hicho kikundi chenye hisa zake za VIKOBA kilikuwa na cha kuzungusha. Kilichoundwa ili kikopeshwe kilibaki na muhuri. Kipimo changu ni hiki: mteja mmoja akizidi theluthi ya mauzo, mtafute wa pili kabla hujaongeza mtaji.

Jingine la haraka ni dhamana ya mkopo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kumiliki mali kwa jina lake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki ya ardhi sawa na mwanamume. Hata hivyo stoo nyingi za akina mama zimesimama kwenye viwanja vyenye majina ya watu wengine, na mwenye stoo hana cha kuweka dhamana. Ukijenga kwenye kiwanja cha shemeji, ujue unamjengea nani.

Kiongozi wa asasi ana fumbo lake. Mwanzilishi si mmiliki. Asasi iliyosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002 haigawi faida, mali ni za asasi, na bodi inaweza kumwondoa mwanzilishi siku yoyote kwa kufuata katiba. Kwa hiyo mwanamke anayejitolea miaka kumi huku akiwalipa wengine hajengi urithi. Anachoweza kudai ni kile kilichoandikwa: mkataba wa ajira, mshahara, michango ya pensheni. Wanaume waanzilishi, kwa uzoefu wangu, huusaini mkataba huo mapema zaidi.

Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, halikuwa likiitekeleza tena. Asasi iliyokuwa na mfadhili huyo peke yake ilikuwa, kwa hesabu, idara yake ya vijijini. Akiba nayo haitoki kwenye fedha za mradi, kwa kuwa kila shilingi imefungwa kwenye fungu lake la bajeti. Inatoka kwenye fedha huru: ada za wanachama, ukumbi unaokodishwa, mafunzo yanayouzwa, na gharama za uendeshaji zilizopangwa kwa ukweli badala ya kupunguzwa ili kumfurahisha mfadhili. Asasi inaweza hata kuuza ushauri elekezi, mradi mapato yarudi kwenye malengo yake. Mkurugenzi akitaka kufanya kazi hiyo kwa jina lake mwenyewe, bodi iandike kwenye muhtasari wa kikao siku anazoruhusiwa, na gari la asasi libaki ofisini.