Miguu ya Msafiri: Malengelenge na Namna ya Kuyatunza Nyumbani



Ndugu wasomaji, kila unapokaribia msimu wa Hija, na kila likizo ya skuli inapofika, nyumba zetu hapa Uingereza hujaa harakati za safari. Mabegi hufungwa na kufunguliwa, nguo za ihramu hupimwa, vitabu vya dua hugawiwa, na wazee huulizwa kama wamekwisha kuchanjwa. Kitu kimoja aghalabu husahauliwa, nacho ndicho kitakachoubeba mwili mzima: mguu.

Nayasema haya kwa uchungu wa nafsi yangu. Marehemu baba yangu alipokwenda Umra, mimi ndiye niliyemnunulia makubadhi mapya ya ngozi ngumu, nikampa siku ya kuondoka. Aliyavaa kwa furaha. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi. Aliporudi alitembea kama kawaida, nami nikamshukuru Mungu. Siku ya tatu, alipokuwa akijitayarisha kutawadha, niliona soksi yake imeganda kwenye kidole gumba. Chini yake palikuwa na lengelenge la siku nyingi, limepasuka, limeingia uchafu na kugeuka kidonda. Nikamwuliza, "Baba, mbona hukuniambia?" Akanijibu, "Mwanangu, ningekwambia nini, nami sikuhisi kitu?" Kwa sababu ya kidonda kile alikatwa vidole viwili.

Tangu siku hiyo sijalidharau tena lengelenge.

LENGELENGE NI NINI?

Ngozi ya mwanadamu ina tabaka zaidi ya moja. Kiatu kinaposugua mahali pamoja kwa muda mrefu, hasa penye jasho, tabaka la juu huachana na la chini, na nafasi iliyopo katikati hujaa majimaji meupe. Majimaji hayo si uchafu wa kutolewa, bali ni kinga. Chini yake mwili huota ngozi mpya, kisha majimaji hufyonzwa polepole, na ile ngozi kuukuu hukauka na kubanduka yenyewe. Kwa mtu mwenye afya, aghalabu kazi hiyo humalizika katika muda wa wiki moja hivi.

Kwa hiyo ile ngozi nyembamba iliyovimba ndiyo bendeji bora kupita zote, maana haina ufa wa kupitisha vijidudu. Anayeichoma kwa sindano, au kupitisha uzi ndani yake kama tulivyokuwa tukiona zamani, huwa amefungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

MATIBABU YA NYUMBANI

Kwanza, nawa mikono. Osha mahali penye lengelenge kwa maji na sabuni, ukaushe kwa kugusa taratibu bila kusugua. Kisha funika kwa plasta laini iliyo pana kuliko lengelenge lenyewe, ili gundi isishike juu yake. Badilisha plasta kila siku, na kila inaporowa. Kiatu kilichosababisha kiwekwe kando mpaka mguu upone.

Likipasuka lenyewe, yaache majimaji yatoke, safisha, na wala usiivute ile ngozi iliyolegea. Ilaze mahali pake, paka vaselini kidogo, kisha funika. Usitie majivu, chumvi wala dawa ya meno.

Mtazame mgonjwa kila siku. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, pakivimba, pakiwa na joto, pakitoka usaha, au homa ikipanda, huo si wakati wa dawa za nyumbani. Mwende kwa daktari. Vitabu vingi husema tutazame wekundu, lakini katika ngozi zetu nyeusi wekundu huenda usionekane; pengine pataonekana peusi zaidi au pa zambarau. Basi weka kiganja upande wa nyuma, ulinganishe joto la mguu mmoja na mwenzake.

MWENYE KISUKARI

Hapa ndipo penye nasaha yangu kubwa. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hata mtu akawa hahisi kuumia. Vilevile hupunguza mwendo wa damu, na kidonda kikachelewa kupona. Mtu wa namna hiyo asijitibu lengelenge nyumbani. Alifunike kwa kitambaa safi, apumzishe mguu, na aonwe na daktari au muuguzi siku ile ile. Hapa Uingereza, ikiwa zahanati imefungwa, pigeni simu namba 111.

Tena miguu yake itazamwe kila usiku, juu, chini na baina ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo. Lakini lililo bora ni mtoto apige magoti, aitazame miguu ya mzazi wake. Wazee wetu huona haya kutusumbua, na wengine, kama baba yangu, hawana maumivu ya kuwaambia. Macho yetu na yawe badala ya maumivu hayo.

KINGA KABLA YA SAFARI

Baina ya Safa na Marwa pana takriban mita 450, na kwa mizunguko saba mtu hutembea zaidi ya kilomita 3. Hapo hatujahesabu tawafu, wala njia za Mina, Arafa na Muzdalifa. Mzee ambaye mwaka mzima hutoka kitini hadi kwenye gari hawezi kuyaanza hayo kwa ghafla. Yafaa aanze matembezi wiki nyingi kabla, kidogo kidogo, akiwa amevaa viatu vile vile atakavyosafiri navyo, mpaka ngozi na kiatu vizoeane. Kiatu kipya kisinunuliwe mkesha wa safari.

Mwanamume aliyehirimia havai soksi wala viatu vya kufunika vifundo. Kwa hiyo uchaguzi wa ndara kwake ni jambo kubwa. Achague zenye ukanda mpana na laini. Wanawake wanaweza kuvaa soksi, basi wachukue jozi za kutosha na kubadilisha zinapolowa. Baada ya kutawadha, kausheni baina ya vidole. Vaselini isiyo na harufu hupunguza msuguano miguuni na mapajani. Yenye manukato haifai katika ihramu. Na mara mtu anapohisi mahali panawaka, asimame, aweke plasta hapo hapo, asingoje lengelenge litokee.

Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipindukia nyuzi 50 za Selsiasi. Marumaru nyeupe inayoizunguka Al-Kaaba hubaki na ubaridi, lakini lami na saruji ya nje huunguza wayo. Wengi huviacha viatu mlangoni, kisha hawavioni tena, wakarudi pekupeku. Kila mmoja na awe na kifuko cha kitambaa cha kubebea ndara zake. Mwenye kisukari asitembee pekupeku popote. Amwulize mapema mwalimu wake na kiongozi wa msafara kuhusu kiatu safi na laini cha kuvaa ndani.

Na huyo aliyefungwa bendeji asiibandue ovyo kwa hofu ya udhu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa Pwani tunayafuata, huosha palipo pazima, hupangusa juu ya bendeji kwa maji, na hutayamamu. Mwulizeni mwalimu awafundishe utaratibu wake kabla ya kuondoka.

MALENGELENGE YASIYO YA KIATU

Mtoto akimwagikiwa na chai au maji ya moto, pitisheni maji ya bomba yasiyo ya barafu juu ya mahali hapo kwa dakika 20, kisha funikeni kwa karatasi ya nailoni safi ya kufunikia chakula. Samli isitiwe. Lengelenge la moto lililo usoni, mkononi, mguuni au sehemu za siri, au lililo kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, lipelekwe hospitali.

Na kina mama, jihadharini na piko wakati wa harusi na Idi. Rangi ya nywele inayochanganywa humo huweza kuibua malengelenge siku kadhaa baadaye, na mwili huenda ukaikataa rangi hiyo maisha yote. Hina halisi hutoa rangi ya udongo mwekundu, si nyeusi.

Ndugu zangu, usiku wa leo, kabla hamjalala, mwombeni mzazi wenu avue soksi. Laiti ningalimwomba baba yangu siku ile ya kwanza aliporudi.

Wabillahi tawfiq.