Kiangazi Salamabila: kondoo ameshiba, lakini anakonda

Kuanzia mwezi wa sita mpaka mwezi wa nane, nyasi za pembeni ya Salamabila zinakauka na kuwa ngumu. Mara nyingi moto nao unapita juu yake. Kondoo bado anakula, tumbo linajaa, lakini kila juma mbavu zinazidi kuonekana. Halafu mwanzo wa mwezi wa tisa masomo yanafunguliwa. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019, lakini mtoto wa sekondari bado anadaiwa minervali, na madaftari yanataka franka. Ndipo kondoo anapelekwa soko, wakati ule ule amekonda kuliko miezi mingine yote.

Tumbo limejaa, nguvu hakuna

Ndani ya tumbo kubwa la kondoo kuna vijidudu vidogo sana. Ndivyo vinavyovunja nyasi ili mwili upate nguvu. Lakini vijidudu hivyo navyo vinahitaji protini. Nyasi ikiwa na protini chini ya sehemu 7 juu ya 100, vinalegea. Nyasi inakawia tumboni, na kondoo hana nafasi ya kula nyingine. Nyasi kavu ya kiangazi mara nyingi haifiki hata 5. Kwa hiyo kumuongezea nyasi kavu peke yake hakusaidii. Anahitaji kidogo ya majani yenye nguvu pembeni ya ile nyasi.

Yanayobaki shambani

Majani hayo, mengi yanatupwa au kuchomwa kila mavuno. Ya kwanza ni majani ya karanga. Karanga zikisha kutolewa, mashina na majani yakaushwe na kuwekwa mahali pa juu, chini ya paa. Wazee wanasema akiba haiozi, lakini majani yaliyofungwa yakiwa bado mabichi yanaoza. Yakishika ukungu, asipewe kondoo.

Majani ya mihogo, yaani sombe, yana protini nyingi. Lakini yana sumu yakiwa mabichi, zaidi ya mihogo michungu. Kondoo mwenye njaa akiyala mengi anaweza kuanguka na kufa muda mfupi. Yakatwekatwe, yatandazwe membamba juani siku 2 au 3 mpaka yakauke vizuri. Hapo sumu inapungua sana.

Majani ya viazi vitamu yanaweza kutolewa mabichi. Majani makavu ya mpunga yanajaza tumbo tu. Yanafaa yakichanganywa na ya karanga au ya mihogo, si peke yake.

Ya kupanda mvua ikirudi

Matete yanapandwa kwa vipande vya shina na yanakatwa kila juma la 6 mpaka la 8, yakiwa bado laini. Yakiachwa yarefuke sana yanakuwa kuni. Stilosantesi, jani la jamii ya kunde, linavumilia jua na udongo uliochoka. Gliricidia ni mti wa kuzungushia lupango: tawi refu kama mita moja linachomekwa ardhini na linashika. Harufu yake kondoo anaweza kuikataa mwanzoni, basi majani yaachwe yanyauke siku moja. Mti wa lusina unasifiwa sana sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki, lakini haupendi udongo wenye asidi, na kondoo asipewe zaidi ya theluthi moja ya chakula chake.

Hesabu yenyewe

Kondoo wa kilo 25 anakula karibu gramu 750 za chakula kikavu kwa siku. Theluthi moja ikiwa majani mazuri, ni gramu 250. Kwa siku 90 za kiangazi, ni kama kilo 23 kwa kondoo mmoja. Mwenye majani machache aanze na mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, na yule atakayeuzwa. Maji yasikosekane, juu chakula kikavu kinaleta kiu.

Kufunga nyasi pamoja

Huko Shinyanga, Tanzania, ambako mvua ni chache kuliko Maniema, Wasukuma wana desturi ya ngitili. Sehemu ya malisho inafungwa mvua ikinyesha, inafunguliwa kiangazi. Mwaka 1986 mradi wa serikali ulioitwa HASHI ulianza kuifufua, na mwaka 2002 ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Hapa Kabambare na Kasongo ngitili haiwezi kusimama kama jirani anawasha moto wa kuwinda. Mtu mmoja hawezi kulinda nyasi peke yake. Ni jambo la kupatana na chifu, wawindaji na wenye mashamba, na kukata mkanda usio na majani kuzunguka sehemu iliyofungwa. Wenye mashamba nao watafaidika: kondoo aliyeshiba vizuri haruki kuingia kwenye mihogo ya mtu, na kesi zinapungua.

Kazi ya kukausha inaanza mwisho wa mwezi wa tano, mvua zikipungua. Mwezi wa saba, kilichobaki ni majivu.