Sindano ya Miezi 18

Mama mmoja alinikunjulia kadi ya kliniki ya mwanawe, safi, imevikwa nailoni. Tarehe zote zilikuwepo: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9. Mstari wa miezi 18 tu ndio uliokuwa mtupu, na mtoto ana miaka miwili na nusu.

"Si alishachomwa ya surua, dokta? Hii nyingine nilijua ni ya kuongezea nguvu tu."

Simlaumu. Ziko chanjo ambazo kinga yake hupungua kadiri mtoto anavyokua. Ya kifaduro ni hivyo, na ya pepopunda pia, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri ya pepopunda irudiwe katika mwaka wa pili, kisha kati ya miaka 4 na 7, na tena kati ya 9 na 15.

Surua ni habari nyingine. Chanjo yake ikishika, kinga hudumu miaka mingi mno, kwa wengi maisha yote. Tatizo ni mtoto ambaye haikumshika kabisa.

Kwa nini isishike? Mtoto huzaliwa na kinga ya mama yake, iliyompitia kwenye kondo la nyuma. Kinga hiyo humlinda miezi ya mwanzo, lakini ikiwa bado imo mwilini siku ya sindano, huviua virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kupambana navyo. Kufikia miezi 9 kwa wengi imeshakwisha, kwa wengine bado. Hivyo chanjo ya umri huo hushika kwa watoto kama 85 katika kila 100. Kungojea mwaka utimie kungeongeza idadi hiyo, ila surua huwaua hasa wadogo, nasi hatuwezi kuwaacha wazi miezi yote hiyo.

Hao 15 waliobaki hawana alama yoyote. Kadi zao zina tarehe ileile ya miezi 9 kama za wenzao. Sindano ya miezi 18 imewekwa kwa ajili yao, na kwa kuwa hatuwajui, tunawachoma wote.

Yule mtoto alichomwa asubuhi ileile. Mzazi, itazame kadi ya mwanao leo. Mstari huo ukiwa mtupu, mpeleke kliniki hata kama umri umepita; haanzi upya, na chanjo hiyo ni bure.