Damu Haina Anwani

Wahenga walinena kuwa damu ni nzito kuliko maji. Msafiri atokaye Bungoma kwenda Kitale huacha nyuma joto na mbu wengi, akapanda nyanda za baridi. Damu yake lakini haibadiliki njiani.

Katika nchi zenye malaria, baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Jeni yake imo katika kromosomu X. Mama huweza kuubeba bila dalili, na mwanawe wa kiume, mwenye X moja tu, akadhurika. Mtu huyo akipewa dapsoni au primakwini, chembechembe nyekundu za damu yake huenda zikavunjika. Ndiyo sababu dawa ya malaria ya Lapdap, yenye dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008.

Yafaa basi tabibu asimkadirie mgonjwa kwa kabila wala kwa makazi. Nyanya ya mtoto wa Kitale huenda alizaliwa Bungoma. Wakuu wa afya na wapeleke vipimo hadi zahanati za mashambani. Kuipima damu kabla ya kutoa dawa kama hizo si anasa. Ni haki ya mgonjwa.