Chupa Nyeupe ya Mshua

Jumamosi, saa moja na nusu usiku, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Nje machinga wanapiga bei za mwisho mwisho wafunge mizigo, ndani feni inazungusha joto lile lile, na mimi niko kwenye kiti, kitambaa shingoni. Kinyozi kashanichonga ndevu za O, kashapitisha mashine shingoni, kashanipiga brashi. Halafu linakuja lile swali lake la kila wiki: "Mwanangu, nikupige spiriti au ile ya wazee?"

Ile ya wazee ni aftashevu ya Old Spice. Chupa nyeupe yenye shingo nyembamba, maandishi mekundu, chombo cha matanga tumboni. Inakaa kwenye rafu ya kioo, pembeni ya kopo la pauda, na masela wengi wanaikwepa kinoma. Wanasema hiyo harufu ya dingi, harufu ya mtu anayesubiri taarifa ya habari. Wao wanataka spiriti, ipulizwe mpaka chozi lidondoke, ndiyo waamini wamehudumiwa. Na mimi nilikuwa humo humo. Sasa hivi ni mtu wa ile chupa, na nina sababu, maana kitaani kuna imani nyingi kuhusu hizi aftashevu na nyingine zinatuharibia sura.

Tuanze na kuwasha. Ukipakwa kitu chenye pombe kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa, moto unawaka. Wengi tunauchukulia ule moto kama ushahidi kwamba dawa inapiga kazi, vipele vinakufa. Si hivyo, mwanangu. Kwenye neva za ngozi kuna vipokezi vya joto ambavyo kwa kawaida vinashtuka joto likifika kama nyuzi 42. Pombe ikivifikia, kiwango chao kinashuka mpaka nyuzi 34 hivi. Na wewe mwili wako uko kwenye 37. Kinachokuunguza pale ni joto lako mwenyewe, neva zimezugwa tu. Kuna chupa inayowasha kinyama na haijaponya kitu, na kuna nyingine haiwashi hata kidogo na shavu linakaa fresh wiki nzima.

Sisemi pombe haiui vijidudu. Inaua, tena ile ya asilimia 70 inaua vizuri kuliko kali kabisa, kwa sababu yale maji kidogo yanaifanya ikae kabla ya kukauka. Ila pa kuiweka ni kwenye mashine, kabla haijakugusa. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kudumu nje ya mwili, kwenye kitu kikavu, siku 7 nzima na bado kikaambukiza. Sasa mashine itoke kwenye kisogo cha mtu aliyechubuka, ije kwako uchubuke na wewe, halafu upuliziwe spiriti shavuni na kujiona uko salama? Mwizi kashalala ndani, wewe ndiyo unatafuta kufuli. Siku hizi sioni aibu. Nikikaa tu namwambia, "Braza, anza na mashine, nione." Jamaa hanuni. Anaifuta mbele yangu, na nimeona hata wateja wengine wameanza kuomba.

Ishu kubwa ya masela ni vipele, na hapa nilipigwa muda mrefu. Shingo yangu ilikuwa noma. Kila Jumapili asubuhi naamka na vijipu, kola ya shati inakwaruza, picha napigwa kwa upande mmoja tu. Dawa yangu ilikuwa kuongeza spiriti. Vikizidi, naongeza tena, na kinyozi niliyekuwa naye wakati huo ananiambia vumilia, inafanya kazi. Ngozi ikakauka, ikaanza kupasuka, na vipele viko pale pale vinanitazama.

Mpaka nikaenda kwa dokta wa ngozi, akanichorea kwenye karatasi. Ndevu zetu waswahili zimejikunja tangu kwenye mzizi. Ukizikata kwa wembe chini kabisa, ncha inabaki kali kama mkuki. Unywele ukianza kuota unapinda, unarudi kuichoma ngozi yako mwenyewe, na mwili unaupokea kama mgeni aliyevamia: unavimba, unatoa usaha, unaacha alama nyeusi. Nilikaa kimya pale. Miezi yote ile nilikuwa namwagia pombe kitu ambacho chanzo chake ni mkunjo wa unywele, na hakuna chupa duniani, iwe ya buku tano iwe ya laki, inayonyoosha mkunjo huo. Kinachosaidia kiko mkononi kwa kinyozi. Atumie mashine badala ya wembe, aache unywele mfupi kidogo, asivute ngozi, asikandamize, apitishe kufuata unywele unakoelekea. Na kisogoni, vipele vikianza kuwa vigumu na kuinuka, acha kutafuta cha kupaka. Panda gari nenda hospitali mapema, maana yale makovu yakishakomaa kuyaondoa ni kazi ya kweli.

Kwa hiyo mtu ataniuliza: kama haitibu vipele, na kuua vijidudu ni kazi ya kwenye mashine, hiyo aftashevu ya bei rahisi ya nini?

Ya harufu. Na harufu si jambo dogo.

Old Spice ilianza mwaka 1937 huko Marekani, kampuni ya Shulton, na ile ya kwanza kabisa ilikuwa ya wanawake. Ya wanaume ikafuata 1938. Tangu 1990 iko mikononi mwa Procter & Gamble. Ukiifungua usivute kwa pupa, vuta taratibu: kuna karafuu mle ndani, kuna mdalasini, kuna kungumanga, na vanila kwa nyuma. Sasa niambie, nani wa Pwani anahitaji kufundishwa hizo? Hiyo ni sufuria ya pilau Jumapili. Hiyo ni Pemba msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa kando ya barabara mpaka Wawi, pale Chake Chake, wanapokamua mafuta ya makonyo. Kinachoifanya karafuu inukie kinaitwa yujenoli, na pua yako ilikijua kabla hujajua kusoma. Mzungu aliichora chupa yake meli, na kwake zile zilikuwa harufu za mbali. Kwetu zinatoka jikoni kwa bi mkubwa. Ndiyo maana msela akiniambia ile ni harufu ya kizamani naona anaitupa mali yake.

Mpinzani wake ni Brut, chupa ya kijani yenye medali shingoni, ya Fabergé, imezaliwa 1964. Tamu zaidi, ya mabraza waliokuwa wanavaa bugaluu. Mimi inanichosha haraka, ila kama dingi wako alikuwa mtu wa Brut siwezi kukutoa huko.

Halafu kuna suala la Dar yenyewe. Joto la hapa likikutana na pafyumu kali ni balaa. Aftashevu ina manukato kidogo sana, kama asilimia 1 hadi 3, nyingine yote pombe na maji. Zikipita saa mbili inabaki karibu karibu na shavu, anayeisikia ni aliyekukumbatia. Panda mwendokasi Gerezani saa kumi na moja jioni, mkono juu umeshika bomba, watu wamebanana mpaka Kimara, ndiyo utaelewa heshima ya harufu isiyopiga kelele. Kuna wale wana wanaopima mafuta ya kunukia kwa sirinji pale Kariakoo, kichupa kidogo unaondoka na kitu cha Kiarabu kinakaa mpaka kesho kutwa. Nayapenda sana, hasa Ijumaa, na kwa anayekwepa pombe hata kwenye ngozi ndiyo njia yake. Lakini ni ya nguo na ya nyuma ya sikio. Usiyapake kwenye shavu bichi.

Ya shavu bichi iko nyingine, na nashangaa vijana wameisahau: shabu. Lile jiwe jeupe kama barafu, ambalo bibi zetu walilitia kwenye ndoo ya maji ya kisima ili tope lishuke chini. Ingia kwa wauza viungo na dawa za asili, jero au buku inakupa kipande cha miezi. Lowanisha kwa maji baridi, pitisha taratibu ulipochonga, acha dakika moja, suuza. Inakaza ngozi na kusimamisha vile vitone vya damu vya wembe, na inafanya hivyo bila pombe. Ila jiwe ni lako peke yako. Nimeona saluni moja kipande kimoja kinatembea sura kumi, kina mstari wa rangi ya kutu pembeni. Hapana. Hilo kataa, hata kama ni la bure.

Utaratibu wangu sasa uko hivi. Mashine inafutwa kwanza. Wembe haunigusi. Maji baridi, shabu, nasuuza, nakausha kwa taulo langu mwenyewe. Kama nimechubuka popote, chupa ya mzee inabaki kwenye rafu siku hiyo. Kama ngozi ni safi, matone matatu kiganjani, nasugua viganja, nagonga mashavu, siyo kumwaga kama maji ya kunawa. Baada ya dakika chache glisirini kidogo iliyochanganywa na maji, kwa sababu pombe imeondoka na mafuta ya ngozi na lazima nirudishe kitu. Kwa mtindo huo chupa moja inanifikisha karibu mwaka. Ukiigawa bei yake kwa siku hizo zote unapata pesa ndogo sana. Kwa hiyo ndiyo, inalipa, tena sana. Kwa mwenye ngozi kavu au inayoumuka kila akipakwa kitu, hailipi. Huyo abaki na shabu yake na maji, atatokelezea vilevile.

Angalia tu usipigwe. Chupa ile inaigwa, na mimi niliuziwa moja barabarani, rangi sawa, meli sawa, nusu bei, nikajiona mjanja wa mji. Nyumbani nikakuta jina limeandikwa kwa herufi moja tofauti, na ndani kuna kitu kinanuka kama sabuni ya choo. Nilikimwaga. Tazama namba ya toleo, tazama tarehe, tazama tahajia, na nunua kwenye duka ambalo kesho utalikuta pale pale. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, zamani vilikuwa TFDA, kwa hiyo ukikuta kimeo una pa kukipeleka.

Hii harufu niliijua kabla sijaota hata udevu mmoja. Mshua alikuwa mtu wa kazi za bandarini. Saa kumi na moja alfajiri, uani kwetu Ilala, kioo kidogo kimening'inia kwenye msumari, karai la maji, taa ya chemli kama umeme umekatika. Akimaliza kunyoa anamimina matone matatu, sikuwahi kumwona akimimina manne. Anagonga mashavu yake, halafu yale mabaki ya kiganjani ananipaka mimi, niliyekuwa nimesimama pale na usingizi. Nilikuwa naenda shule nanukia kama mtu wa bandari.

Wiki iliyopita nilienda kumsalimia. Mkono wake sasa unatetemeka, wembe kauacha, kwa hiyo nilikuwa nimebeba mashine yangu, nimeifuta vizuri mbele yake. Nikamnyoa polepole palepale uani, nikafuata unywele, sikukandamiza. Nikatoa chupa nyeupe, nikamimina matatu, nikamgonga mashavu. Kiganjani yakabaki mabaki, nikajipaka. Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akaitazama shingo yangu kwa muda.

"Vipele vimeisha," akasema. "Nani anakunyoa siku hizi?"