Je, Wajua? Kibaridi cha Uingereza na Maneno Yake

Je, wajua kwamba mwaka 1758 mwandishi Samuel Johnson alikwisha kuwacheka Waingereza wenzake, kwamba wawili wakikutana jambo la kwanza ni hali ya hewa, kila mmoja akimpa mwenzake habari ambazo mwenzake anaziona kwa macho yake mwenyewe? Miaka zaidi ya 260 imepita na hawajaacha.

Simama kwenye kituo cha basi cha London asubuhi ya Januari. Saa mbili na nusu, ndiyo kwanza kunapambazuka sawasawa. Mama mzee mwenye mbwa aliyevishwa koti anamtupia jicho kijana asiyemjua, anatazama mawingu, kisha: "Kibaridi leo, sivyo?" Kijana anajibu: "Hasa. Lakini afadhali kuliko jana." "Ee, jana! Ule upepo!" "Na leo angalau hainyeshi." Basi linafika, kila mtu anakwenda kwenye kiti chake, na huenda wasisemeshane tena maisha yao yote. Hakuna aliyejifunza chochote kuhusu anga. Wamesalimiana, basi.

Je, wajua kwamba salamu hiyo ina kanuni zake? Mwanaanthropolojia Kate Fox alizichambua katika Watching the English, kitabu cha mwaka 2004. Kanuni kuu ni kukubali. Ukiambiwa ni baridi, nawe sema ni baridi. Kumjibu mtu "mbona joto tu" ni sawa na kuulizwa hujambo ukaanza kusoma orodha ya maradhi. Ukitaka kutofautiana, isingizie hulka yako: "Mimi naona naipenda baridi kidogo." Hapo unasamehewa, ingawa watakutazama.

Aliyeyatafutia maneno ya namna hii nafasi katika elimu ni Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland aliyefundisha London School of Economics. Mwaka 1923 alieleza kwamba kuulizana afya na kutaja hali ya hewa hakukusudiwi kupashana habari. Kazi yake ni kuwaunganisha watu. Je, wajua kwamba miongoni mwa wanafunzi wake miaka ya 1930 alikuwamo Jomo Kenyatta? Malinowski ndiye aliyeandika utangulizi wa Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Kenyatta alikaa Ulaya, muda mwingi Uingereza, kuanzia 1931 hadi 1946. Mtu hapiti majira yote hayo ya baridi bila kuijua ile kanuni ya kukubali.

Je, wajua kwamba Edinburgh, alikosoma Julius Nyerere kuanzia 1949 hadi 1952, iko kaskazini kidogo kuliko Moscow? Wastani wa Januari mjini Moscow ni nyuzi 6 hivi chini ya sifuri. Edinburgh ni kama nyuzi 4 juu ya sifuri. Tofauti ni bahari. Atlantiki hujilimbikizia joto la kiangazi, na pepo za magharibi hulivusha polepole hadi nchi kavu majira ya baridi. Sifa nyingi hupewa mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka pande za Ghuba ya Mexico, ule ambao Benjamin Franklin aliuchorea ramani karibu mwaka 1769 akisaidiwa na binamu yake nahodha, Timothy Folger. Wataalamu bado wanavutana: ni mkondo au ni upepo unaobeba mzigo mkubwa zaidi? Kwa mtu wa kituo cha basi matokeo ni yale yale. London mchana wa Januari hufika nyuzi 8 hivi, usiku 2 au 3. Si baridi ya kuua, ni ya kunung'unikia.

Na hili je? Ubaya wa nchi hiyo, au utamu wake kwa wapenda maongezi, ni kwamba hewa huivamia kutoka pande zote. Kutoka Aktiki huja theluji, Siberia huleta baridi kavu, na hewa ya kutoka Azores huja na uvuguvugu na manyunyu. Zote zinaweza kupita ndani ya wiki moja. Nahodha wa jahazi pwani yetu alipanga safari ya miezi akiitegemea kaskazi ya Desemba hadi Machi, kisha kusi imrudishe. Uingereza mtu hana hakika ya kesho kutwa. Ndiyo maana maneno hayaishi. Palipo na theluji miezi minne mfululizo, siku ya pili hakuna jipya la kusema.

Je, wajua kwamba London hupata mvua kidogo kuliko Dar es Salaam? Ni milimita 600 hivi kwa mwaka, ilhali Dar hupata zaidi ya 1,000. Hata Nairobi inaishinda London. Siri ni kwamba yetu humwagika ikaisha, jua likatoka, nguo zikaanikwa. Yao ni rasharasha ya siku mia na zaidi, isiyotosha kujaza ndoo wala kukuruhusu uache koti nyumbani. Lakini usiseme hivi mbele ya watu wa Cumbria, kaskazini-magharibi. Tarehe 5 Desemba 2015 njia ya mlimani ya Honister ilipokea milimita 341.4 ndani ya saa 24.

Tena kuna giza. Tarehe 21 Desemba jua la London huchomoza saa mbili na dakika chache asubuhi, na linazama kabla ya saa kumi jioni. Januari nzima jiji hupata saa 60 hivi tu za jua. Mfanyakazi wa ofisini huenda kazini gizani na kurudi gizani.

Je, wajua kwamba kipimo cha baridi kali kuliko zote Uingereza, nyuzi 27.2 chini ya sifuri, kimefikiwa mara tatu? Braemar mwaka 1895, Braemar tena 1982, kisha Altnaharra 1995, zote Scotland. Sasa sikia kichekesho. Tarehe 28 Januari 2024, pande hizo hizo za kaskazini mwa Scotland, kipimajoto kilipita nyuzi 19. Upepo wa uvuguvugu kutoka kusini ulipanda milima, ukaacha maji yake upande mmoja, ukateremka upande wa pili ukiwa mkavu na umepata joto. Na tarehe 26 Februari 2019, bustani ya Kew jijini London ilifika nyuzi 21.2, mchana wa kawaida wa Julai mjini Nairobi. Nairobi siku kama hiyo watu huvaa sweta. London walilala kwenye nyasi wamevua mashati.

Je, wajua kwamba vipimo vya joto vya Uingereza ya kati vinaanzia mwaka 1659? Hakuna mfululizo wa vipimajoto mrefu kuliko huo duniani. Kutokana nao tunajua kwamba Desemba ya 2010 ilikuwa na wastani chini ya sifuri, na Desemba ya 2015, miaka mitano tu baadaye, ikavunja rekodi ya joto kwa wastani wa nyuzi 9.7. Mwezi ni ule ule, nchi ni ile ile.

Mto Thames wa London nao uliwahi kuganda kiasi cha kufanyiwa gulio juu yake, na vibanda na mitambo ya kuchapia. Gulio la mwisho lilikuwa 1814, na inasimuliwa kwamba tembo alivushwa akitembea juu ya barafu karibu na daraja la Blackfriars. Daraja la zamani la London, lililokuwa likizuia mwendo wa maji, lilibomolewa mwaka 1831. Tangu hapo tembo hajavuka tena.

Je, wajua nani aliwapa Waingereza nafasi ya kulalamikia mvua kabla haijanyesha? Ni nahodha Robert FitzRoy, yule yule aliyeongoza meli ya Beagle iliyomzungusha Charles Darwin duniani. Mwaka 1854 alikabidhiwa ofisi ndogo ya kukusanya takwimu za hali ya hewa kwa ajili ya mabaharia. Ndiyo Met Office ya leo. Oktoba 1859 meli ya Royal Charter, ikirejea kutoka Australia na abiria waliotoka kwenye machimbo ya dhahabu, ilivunjwavunjwa na dhoruba katika mwambao wa Anglesey, Wales. Watu zaidi ya 400 walikufa. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walizamishwa na dhahabu waliyokuwa wamejifunga mwilini. FitzRoy akatambua jambo moja: telegrafu ina mbio kuliko dhoruba. Mwaka 1861 akaanza kupeleka maonyo bandarini, alama zikatwekwa mlingotini ili mabaharia wazione, na tarehe 1 Agosti mwaka huo gazeti la The Times likachapa utabiri wa kwanza kwa umma. Alipopatia, ilikuwa kawaida. Alipokosea, alichekwa. Mwaka 1865 alijiua. Utabiri wa umma ulisimamishwa mwaka uliofuata, na magazeti hayakuupata tena hadi 1879. Mwaka 2002 eneo moja la bahari katika utabiri wa mabaharia, unaosomwa na redio ya BBC, lilipewa jina lake, na katika maeneo yote 31 ni hilo peke yake lenye jina la mtu. Kwangu mimi ni heshima iliyochelewa mno.

Mtabiri hasahauliwi kosa lake. Oktoba 1987 Michael Fish wa BBC aliwatuliza watazamaji kuhusu habari za kimbunga. Usiku wake dhoruba iliua watu 18 Uingereza na kung'oa miti milioni 15. Mwenyewe alijitetea kwamba kimbunga alichokitaja kilikuwa cha upande wa Marekani. Kipande kile cha video kinaonyeshwa mpaka leo.

Je, wajua kwamba dhoruba za Uingereza zimekuwa na majina rasmi tangu 2015 tu? Ya kwanza iliitwa Abigail. Herufi Q, U, X, Y na Z hazitumiki.

Je, wajua kwamba Krismasi nyeupe haihitaji ardhi kuwa nyeupe? Kwa Met Office inatosha chembe moja ya theluji ionekane ikidondoka ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba, hata ikayeyuka kabla ya kutua. Kanuni hiyo si ya kimahaba; watu hubeti kwa pesa, kwa hiyo lazima mshindi ajulikane.

Theluji yenyewe ikija, hata kidogo, mambo husimama. Februari 1991 shirika la reli lilieleza kwamba theluji ya safari ile ilikuwa laini kama unga, ikapenya ndani ya mota za umeme za treni. Magazeti yakashika tumbo kwa kicheko: kumbe kuna theluji halali na theluji haramu! Ila kiufundi shirika lilisema kweli.

Na barabara? Hapa ndipo baridi ya wastani inapokuwa mbaya kuliko baridi kali. Maji yanapoganda hupanuka kwa karibu asilimia 9. Mahali panapoganda Novemba na kuyeyuka Machi, lami hupasuka mara moja tu. Uingereza maji huingia kwenye ufa mchana, yakaganda usiku, yakayeyuka asubuhi, yakaganda tena, na kila mzunguko unaupanua ufa mpaka uwe shimo la kuvunja springi. Usiku wa kuganda magari ya chumvi hutoka kabla watu hawajalala, maana chumvi inauzuia ule utando wa barafu usioonekana juu ya lami usijitengeneze. Chumvi nyingi hutoka mgodi wa Winsford, Cheshire, ulioanza kuchimbwa mwaka 1844, zaidi ya mita 150 chini ya ardhi. Scotland huyapa magari hayo majina ya utani, moja likiitwa Gritney Spears, na mtu anaweza kuyafuata kwenye ramani ya mtandaoni yakizunguka usiku.

Je, wajua kwamba Sultani wa mwisho wa Zanzibar aliishi pwani ya Uingereza yenye manyunyu kwa zaidi ya nusu karne? Jamshid bin Abdullah, aliyepinduliwa Januari 1964, aliweka makazi Southsea, Portsmouth, hadi alipohamia Oman mwaka 2020. Alipishana kidogo tu na baridi ya 1962 hadi 1963, kali kuliko zote tangu 1740, ambayo iligandisha bahari kwenye fukwe za Kent.

Na chai ambayo Waingereza huitumia kujipasha moto hutoka Kenya kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote.

La mwisho linamfaa msafiri. Jonas Hanway, mfanyabiashara aliyewahi kufika Uajemi, anatajwa kuwa mwanamume wa kwanza wa London kutembea na mwavuli kila siku, miaka ya 1750. Waendesha magari ya farasi walimzomea, kwa kuwa mvua ndiyo iliyowaletea abiria. Leo hakuna wa kukuzomea, lakini ukienda huko Januari mwavuli uache: upepo utaupindua kabla hujafika kona. Chukua koti lenye kofia lisilopitisha maji, glavu, na nguo nyepesi mbili tatu za kuvaa moja juu ya nyingine badala ya sweta moja zito, kwa sababu ndani ya basi na madukani kuna joto la kukutoa jasho.